Siku ya Tisa ya Zege

Maneno ya mwisho ya Kabari yalikuwa matatu tu, na aliyeyasikia ni mtu mmoja. Heri siku hiyo mtu huyo angekuwa kiziwi.

Mtu mwenyewe ni Timazi, fundi mwashi. Jina hilo, la ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, alipewa na wajenzi wenzake kwa kuwa hakuwahi kusimamisha ukuta uliopinda. Walisema ukuta wa fundi mwingine ukimwona Timazi anapita barabarani hujinyoosha kwa aibu, na kuna duka moja la viatu ambalo watu wanaapa lilijisogeza inchi mbili siku aliposimama mbele yake kufunga kamba. Kabari naye alikuwa mwashi, aliyemtangulia kazini kwa miaka kumi na kumfundisha kushika mwiko. Tena alikuwa mwanyumba wake: walioa dada wawili, Kabari akamchukua mkubwa, Timazi mdogo. Jina la Kabari lilitokana na kile kipande cha mbao chenye ncha kinachogongwa chini ya kitu kinacholegea ili kikaze, maana ndivyo alivyokuwa mwenyewe. Palipolegea, aliingia chini yake. Miaka arobaini alikuwa mzee wa kanisa. Aliufungua mlango wa kanisa kabla jogoo hajasafisha koo. Mtu akitaka kuapa kwamba jambo ni la hakika, alisema, "Hakika kama mbingu ya Kabari."

Sasa, waashi wana desturi yao. Plasta ikikauka, fundi hupita ukutani akiigonga kwa kifundo cha kidole, kama mgeni mwenye adabu. Paliposhika, ukuta hujibu kwa mkato: ko. Pasiposhika hulia kama debe, na fundi hujua kwamba nyuma ya uso ule mzuri kuna hewa tupu, na ipo siku utaporomoka watu wakiwa mezani.

Alasiri ile ya mwisho, Timazi akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, mke wa Kabari alikuwa ametoka kwenda kuchemsha maji. Kabari, ambaye hakuwa amefumbua macho tangu juzi yake, akayafumbua. Akamshika mwanyumba wake kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo mgonjwa wa namna ile hakupaswa kuwa nazo. Kwa mkono wa pili akajigonga kifuani mara tatu, taratibu, ametega sikio.

"Nimegonga," akasema. "Ndani tupu."

Macho yakabaki wazi, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Mjane wa dakika moja akaingia na kikombe. Kanisani walimwita Honi, kwa sababu ndiye kiongozi wa kwaya na sauti yake iliwahi kusimamisha lori barabarani, dereva akashuka kuomba radhi.

"Amesema nini?" Akakiweka kikombe chini. "Nimesikia sauti yake, shemeji. Amesema nini?"

"Amesema anakwenda nyumbani," Timazi akajibu.

Ulimi hauna mfupa. Uongo ule ulitoka chumbani kabla ya jeneza. Ulihubiriwa msibani, ukatungiwa wimbo, ukaandikwa kwa herufi za kunakshi na kutiwa kwenye fremu ya kioo, ukatundikwa sebuleni kwa mjane. Kila Timazi alipokwenda kumjulia hali shemeji yake alikaa chini ya fremu ile akinywa chai yenye ladha ya saruji.

Na usiku na mchana aligongwa na swali moja. Kama Kabari, wa miaka arobaini, aligonga akakuta tupu, je, yeye?

Maana wokovu wa Timazi ulikuwa na kasoro tangu msingi, na kasoro hiyo aliijua peke yake. Aliokoka akiwa na miaka thelathini, kwenye mkutano wa uwanjani. Mhubiri aliita watu waje mbele, na Timazi akaenda mbele, machozi yakimtoka. Ila mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na turubai lilikuwa limefungwa mbele. Kwa miaka thelathini na miwili hakuwahi kujiuliza. Sasa alijiuliza kila alipofumba macho: alimfuata Mwokozi, au alikimbia mvua?

Akaanza kugonga. Alijigonga kifuani akioga, akipanda baiskeli, akisubiri zamu kwa kinyozi. Wakati mwingine alisikia ko, akafurahi hadi jioni. Wakati mwingine alisikia debe. Na kila Jumapili, Mchungaji alipouliza kama kuna mtu anayetaka kuyatoa maisha yake, viatu vya Timazi vilisikika vikija mbele, kwa-kwa-kwa, kama askari anayejisalimisha.

Mchungaji alikuwa kijana wa juzi, Timazi alikuwa na mwiko uliomzidi umri. Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya tano akashangaa. Mara ya ishirini na tatu akamvuta pembeni.

"Mzee wangu, si uliokoka Jumapili iliyopita?"

"Ile haikushika, Mchungaji."

"Haikushika vipi?"

"Jumatano ilikuwa inalia tupu."

Mchungaji alimwekea mikono, akamwombea, akampa Maandiko ya kusoma. Waumini wao wakampa jina la pili, Kila Wiki. Vijana wa kwaya walisema malaika wa kuandika majina alikuwa amechoka, ameagiza muhuri.

Mkewe hakucheka. Alikuwa mshonaji, na usemi wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kusema na pini mdomoni, yaani mfupi na unaochoma.

"Wewe mwanaume," alimwambia jioni moja, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani, "zege la watu unalilinda siku ishirini na nane. Hata kuku akilipanda unamrushia kandambili. Lako mwenyewe kila Jumapili unang'oa miti inayolibeba uchungulie kama limeshika. Litashika saa ngapi?"

Lilikuwa neno la hekima, na mtu mwenye akili angelitundika hilo kwenye fremu. Lakini kwa Timazi liliingilia mlango wa uani. Yeye hakusikia "acha kuchungulia." Alisikia "zege," akasikia "ng'oa miti," na kitu kibaya kikajikunja ndani yake kama paka, kikalala, kikisubiri siku yake.

Siku yenyewe haikuchelewa. Kanisa liliamua kujenga roshani ya kwaya ndani ya ukumbi, juu ya mlango mkubwa, ngazi yake ikipandia nje, ukutani. Kazi akapewa Timazi. Nani mwingine? Alisuka nondo kwa mkono wake. Alipanga mbao, na chini ya mbao akasimamisha mirunda ishirini na minne, ile miti mirefu ya kubeba zege bichi, kila mmoja ukiwa na kabari yake chini ya unyayo. Jumanne wakamwaga zege. Akafunga kamba katikati ya ngazi, akatundika kibao alichokiandika mwenyewe kwa chokaa: USIPANDE, ZEGE BICHI.

Sheria yake ilikuwa moja na haikuwahi kuvunjwa. Siku ishirini na moja ndipo mrunda wa kwanza unatoka. Siku ishirini na nane ndipo mtu anatembea juu yake kifua mbele. Kabla ya hapo ni maji tu, asubuhi na jioni, na kulinyamazia. Zege, alizoea kuwaambia vibarua, ni kama mwali: ukimkazia macho hali chakula.

Usiku wa kuamkia siku ya tisa hakulala, na kulipokucha alikuwa ameshaamua. Uso wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba mkewe, akimmiminia chai, alimwangalia mara mbili.

"Umepata nini leo?"

"Leo nitajua," akasema Timazi.

"Utajua nini?"

"Kama linashika."

Mke akadhani anazungumzia kazi. Akarudi kwenye cherehani yake.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, jua kali. Vibarua wawili walipofika aliwaambia wapumzike, leo atamwagilia mwenyewe. Wakaondoka mbio kabla hajabadili mawazo. Timazi akaingia kanisani, akafunga komeo la mlango mkubwa kwa ndani, akasimama chini ya roshani kwenye kile kimsitu cha miti iliyokufa. Ndani kulikuwa na ubaridi. Mabenchi yalikuwa yamesukumwa mbele, yamempa mgongo kama watu wasiotaka kuwa mashahidi.

Akavua kofia.

"Bwana," akasema, "mimi si msemaji. Nimegonga kila mahali nimeshindwa. Sasa kazi hii unaijua na mimi naijua. Siku tisa si siku za zege kusimama lenyewe. Nitang'oa mirunda yote, nitasimama katikati. Likisimama, nitajua mimi ni wako. Likianguka..." Akaigeuza kofia mkononi. "Likianguka, angalau nitajua."

Hakuna aliyejibu. Akavaa kofia, akachukua nyundo.

Alianzia katikati, kama inavyotakiwa, maana hata katika wazimu fundi hafanyi kazi ovyo. Alipiga kabari ya kwanza, ikachomoka ikaruka hadi chini ya benchi. Mrunda ukalegea, akaukumbatia, akaulaza chini kama mtu anayemlaza mlevi. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ukamponyoka ukabingirika sakafuni kwa kelele za kuamsha wafu, na wafu wa kanisa lile walikuwa nyuma ya ukuta tu. Akahitaji kamba ya kuifunga ile iliyolala. Akaangaza huku na huku, hakuna kamba. Akafungua komeo, akazunguka nje, akaifungua kamba iliyoziba ngazi. Kibao akakiegemeza ukutani, maandishi yakitazama ukuta. Hakuwaza lolote. Mtu aliyepania kuona mbinguni haoni kilicho mkononi mwake.

Akarudi, akafunga komeo, akaendelea.

Mrunda wa kumi ulipotoka, mbao zilitoa sauti. Tik. Akasimama. Kimya. Akatoa wa kumi na moja. Tik, mbali kidogo na pale pa kwanza, kama kuna kitu huko juu kinachotembea na kupima hatua zake. Wa kumi na mbili, wa kumi na tatu. Jasho lilimwingia machoni. Alipotoa wa kumi na tano alinyoosha mgongo, na hapo ndipo aliposikia mara tatu mfululizo, taratibu, juu ya utosi wake: ko. Ko. Ko.

Nywele zikamsimama. Maisha yake yote yeye ndiye aliyegonga. Sasa alikuwa anagongwa.

Akaamua kusimama palepale katikati, macho juu. Ilibaki mirunda tisa, yote ya pembeni. Chembe ya vumbi ikashuka, ikamtua kwenye mdomo wa chini. Haikuwa na ladha ya jibu lolote.

Ndipo akasikia nyayo.

Hazikuwa nyayo za kiroho. Zilikuwa za viatu vya wanawake, na zilikuwa nyingi, zikipanda ngazi ya nje, pamoja na vicheko, na katikati ya vicheko sauti moja ambayo ungeisikia hata ukiwa umezikwa.

"Nimewaambia kamba haipo! Kama haipo, maana yake pamekauka. Shemeji yangu hawezi kusahau kamba, yule anafunga kamba hata sufuria."

"Mama, tusubiri tumuulize fundi Jumamosi..."

"Jumamosi, Jumamosi! Nataka nisikie sauti inavyopiga ukuta wa mbele. Ubeti mmoja tu. Jipangeni. Sauti ya pili, huku katikati."

Katikati. Timazi alisikia visigino kumi na nne, kisha ishirini, kisha akapoteza hesabu, vikija kusimama juu ya kichwa chake. Zege la siku tisa kubeba uzito wake lenyewe lilikuwa jambo la kubahatisha. Kubeba kwaya lilikuwa jambo jingine, na kwaya ile ilikuwa ya watu walioshiba.

"Shukeni!" akapiga kelele. "Shemeji! Shukeni!"

Lakini Honi alikuwa amevuta pumzi. Wimbo ukaanza, na hakuna binadamu aliyewahi kusikika chini ya wimbo ulioanzishwa na Honi. Akakimbilia mlangoni, akafika nusu, akasikia nyuma yake mpasuko mkavu, mrefu, kama kitambaa kikichanwa. Akageuka. Katikati ya mbao, pale penye pengo la mirunda, tumbo la roshani lilikuwa limeshuka. Kidogo sana, unene wa kidole. Mtu mwingine asingeona. Timazi angeliona hilo hata akiwa amelala.

Kuzunguka hadi ngazini na kuwashusha kulihitaji dakika, na dakika hakuwa nayo. Akarudi chini yake. Akanyakua mrunda, akausimamisha katikati, akapiga magoti akitafuta kabari, akaikuta, akaiweka, akaigonga kwa nyundo. Ko! Ko! Ko!

Na huko juu wakamsikia.

"Ehee!" Honi alipaza sauti kwa furaha. "Fundi yuko chini anatupigia mdundo! Kanyageni!"

Wakakanyaga. Zege zima likaanza kutikisika kwa mdundo wa nyundo yake mwenyewe, vumbi la saruji likimwagika kama unga kwenye chekecheke. Kadiri alivyogonga haraka kuwaokoa, ndivyo walivyocheza haraka kuelekea kaburini. Shetani angelipwa kutunga mchezo ule asingeuweza.

Timazi akaitupa nyundo. Aliikamata kabari ya pili kwa viganja, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa benchi na kuisukuma kwa visigino, kimya, meno yameumana, mpaka ngozi ya kisigino ikachanika ndani ya kiatu. Mrunda wa pili ukakaza. Bila mdundo, miguu ya juu ikapungua, wimbo ukatulia. Wa tatu. "Hawa, Bwana," alisikia mtu akisema, "hawa, hawa, hawa," na ilimchukua muda kutambua kwamba mtu huyo ni yeye. Wa nne. Wa tano. Kisha akakimbia.

Walipomwona kichwa kikitokeza ngazini, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi nyusi, sauti ya kwanza ilizimika yenyewe. Mmoja akapiga yowe.

"Msirukeruke," akasema Timazi kwa sauti ndogo. "Mmoja mmoja. Piteni ukutani. Msikanyage pamoja."

Kuna sauti ambazo watu hawaziulizi. Wakashuka mmoja mmoja, wameshika viatu mkononi. Honi alikuwa wa mwisho, na alipoinua mguu wake kutoka katikati ya zege, pale aliposimama palibaki ufa mwembamba, mrefu, kama unywele wa mtu ulioanguka kwenye shuka.

Wengine walikwenda kukaa kwenye nyasi. Honi na Timazi wakabaki kwenye ngazi ya mwisho.

"Shemeji," akasema Honi, "mirunda iko wapi?"

Akamwambia. Na kwa kuwa ukuta ukishaanza kuporomoka hauchagui tofali la kubakiza, akamwambia yote: turubai na mvua, kugonga, agano la asubuhi ile. Mwisho akafika kwa Kabari. Akasema yale maneno matatu. Aliyasema akiangalia kibao kilichogeukia ukuta, hakuthubutu kuangalia mtu.

Honi akatoa sauti ambayo Timazi alidhani ni kilio.

"Ndiyo hiyo tu?" Alikuwa anacheka, cheko baya, la kukwaruza. "Mwaka mzima umeibeba hiyo? Shemeji, alikuwa ananiambia hivyo kila asubuhi. Anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, anajigonga. Namuuliza, leo vipi? Ananiambia, tupu. Halafu ananiuliza, viatu vyangu viko wapi? Anavaa, anakwenda kufungua kanisa."

"Miaka yote?"

"Siku mbili tatu aliniambia pamejaa. Siku hizo hakuwa anasemeka, anajiona mtume."

"Na ile fremu sebuleni?"

"Nilijua ni uongo wako siku ileile. Kabari aseme anakwenda nyumbani? Kabari alipotoka kazini alikuwa anasema anakwenda kula. Niliitundika kwa sababu mwandiko ni mzuri."

Timazi alimgeukia. Midomo yake ilikuwa imekauka, ina utando wa saruji. "Sasa aliokoka au hakuokoka?"

"Kamuulize aliyemchukua. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta viatu." Kisha kicheko chote kikamtoka usoni kama maji kwenye gunia. "Ila na wewe nijibu. Ulitaka ulale chini ya zege, mdogo wangu abaki kama mimi, ili wewe ujue?"

Alitafuta la kusema, akakuta debe.

Mchungaji aliambiwa siku hiyohiyo. Hakupayuka, aliinama tu kutazama zile mbao kwa chini. Alimwita mhandisi, mtu mkavu mwenye tochi, aliyeutazama ufa kwa muda mrefu na kusema kwamba zege limeumia lakini halijafa. Linaweza kupona, linaweza lisipone. Irudishwe mirunda, iongezwe, eneo lote la chini lifungwe, na siku ya ishirini na nane atakuja kulijaribu kwa mifuko ya mchanga, bila mtu karibu.

"Hakuna namna ya kujua kabla ya hapo?" Timazi aliuliza.

"Mzee, wewe ndiye mwashi," mhandisi akamjibu, akazima tochi.

Akarudisha mirunda thelathini na mmoja. Mkewe hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alimwekea chai mezani, akatema pini moja, akasema, "Ukifa kabla yangu nitakuua," basi wakawa wamepatana.

Lakini usidhani kugonga kuliisha. Usiku ule wa Alhamisi alijigonga akasikia tupu kuliko siku zote. Alijaribu kujiliwaza kwamba chini ya lile zege hakuwa ameomba lolote kwa ajili yake mwenyewe, na hapohapo akaligonga hata hilo: labda aliogopa polisi tu. Labda aliogopa aibu. Kila alichokiweka kilirudi kikilia.

Jumapili, siku ya kumi na mbili, alikaa benchi la mwisho, nje kidogo ya kamba waliyozungushia chini ya roshani. Ibada ikaenda, na mwishoni Mchungaji akafunga Kitabu, akauliza kama ilivyo ada, kuna mtu?

Kanisa zima likageuka kumwangalia Timazi. Hata watoto. Wengine walishaanza kupisha miguu.

Nyuma yake, gizani chini ya roshani, mbao ikalia. Tik. Alijua ni mbao gani, na alijua chini yake kuna mrunda upi, na kwamba kabari ya mrunda huo hakuwa ameiangalia tangu jana. Moyo ukamwambia simama. Simama uende mbele, maana ikiwa leo ndiyo siku, ikiwa hili litaanguka sasa hivi na jina lako halipo... Kidole kikajikunja chenyewe, kikainuka kuelekea kifuani.

Akakishika kwa mkono wa pili, akakiweka magotini kama mtoto mtukutu.

"Kuna mtu?" Mchungaji akarudia, akimwangalia yeye.

Tik.

Timazi akainamisha kichwa, akaangalia viatu vyake. Kamba ya kushoto ilikuwa imelegea. Akaifunga, taratibu, fundo mara mbili. Alipoinua macho watu walikuwa wamesimama kwa wimbo wa mwisho, na Honi, akiimbia chini kama watu wengine, alikuwa anamtazama bila kutabasamu.

Baada ya ibada hakusimama kusalimiana. Zege halijui Jumapili, lilihitaji maji. Akauvuta mpira, akapanda ngazi hadi pale kamba ilipofungwa upya, akasimama nyuma yake, akaelekeza maji. Yalitandaa kwenye uso wa kijivu, yakang'aa, yakafika kwenye ufa. Mengine yakapita juu yake yakaendelea. Mengine yakaingia.

Timazi hakushuka kwenda kuangalia yametokea wapi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.